Kamba wa Rufiji wanaoletwa Dodoma wamekuwa wadogo: bwawa, nyavu au soko?

#1 Mama Kibua

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nauza samaki hapa Dodoma mjini. Kibua na sangara ndio wanaonilipia kodi ya meza, ila nina wateja wangu wa kamba: hoteli mbili tatu na watu wa sherehe. Mzigo wa kamba unanitokea delta ya Rufiji, unapitia bandari ya Nyamisati, unalala Dar, unapanda huku na barafu. Zamani kilo moja nilikuwa nahesabu kamba ishirini na tano, thelathini hivi. Siku hizi inavuka sitini na bei haijashuka hata shilingi. Juzi mpishi mmoja kanirudishia boksi zima, ananiuliza kama nimeanza kuuza uduvi.

Mimi hukumu yangu nimeshatoa: ni Bwawa la Nyerere, lile la umeme kwenye mto Rufiji. Walianza kulijaza Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa 2024, na kamba wangu wakaanza kunyauka hapo hapo katikati. Mto umekabwa koo, huko mdomoni kitoke nini?

Swali kwa wajuzi: Ziwa Tanganyika walilifunga miezi mitatu mwaka 2024 samaki wazaliane. Mbona delta haifungwi? Wizara yenye uvuvi wake ipo hapo Mtumba, nauli ya daladala tu. Nawasilisha.

#2 Mlenda Mkavu

Uvuvi wa bahari unaamuliwa Mtumba, mahali mtu akiona dimbwi anaita watoto waje waone 😂 Nimekaa siti ya mbele na bakuli langu. Endeleeni.

#3 Mzee wa Kizota

Binti, usilionee bwawa jipya. Bwawa la Mtera linazuia maji ya Ruaha Mkuu tangu miaka ya 1980 inaanza, na sisi Dodoma tunakula perege wake bila kuuliza wa huko chini wanakula nini. Juu ya Mtera kuna mpunga wa Usangu. Tangu 1993 Ruaha unakatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Delta ilianza kuumizwa kitambo, tena kutokea huku huku kwetu.

#4 Chem Chem

Shikamoo Mzee. Nakuunga mkono nusu.

Ruaha Mkuu unachangia kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mwenye mto ni Kilombero, asilimia 62 hivi, na Luwegu 18. Kwa hiyo hata Mtera ingemeza kila tone, delta ingeendelea kupata mafuriko yake ya masika kutoka Kilombero, ambako hakuna bwawa kubwa la kuyashika.

Bwawa jipya ni habari nyingine kwa sababu limekaa chini ya mito yote mitatu ikishakutana. Hapo hoja ya Mama Kibua inapata miguu.

#5 Dereva wa Baridi

Mimi nabeba mizigo ya barafu Dar–Dodoma, ngoja niseme ninachokiona. Kamba wakifika Dar wanachambuliwa. Wakubwa wanaondoka kwanza: hoteli za pwani, wasafirishaji wa nje, wenye oda zao maalumu. Wakati huku Dodoma wateja walikuwa wachache, ulikuwa unapata chochote kilichokuja. Sasa wanunuzi wameongezeka kila mahali, sisi wa bara tunapandishiwa mabaki ya uchambuzi. Mto hauna kesi hapo, kesi ni foleni ya wateja.

#6 Mama Kibua

@Dereva wa Baridi huyo ninayemlipa ananiapia kwamba ananipa mzigo kama ulivyotoka majini.

#7 Dereva wa Baridi

Kuapa ni bure dada yangu.

#8 Fundi Ubao

Naomba niingie kwa urefu kidogo, maana hii ndiyo kazi iliyonilisha pwani kabla sijahamishiwa huku kwenye vumbi.

Kamba anayefika kwa Mama Kibua mara nyingi ni yule mweupe, Penaeus indicus. Mkubwa hatagi mtoni. Anataga baharini nje ya midomo ya mito, mayai kwa malaki. Yakianguliwa, vichanga vinaelea na kubadilika umbo kwa wiki mbili tatu, kisha vinaingia deltani. Vina ujanja wao: maji yakijaa vinanyanyuka vibebwe kuelekea ndani, maji yakitoka vinalala chini kwenye tope visirudishwe. Humo kwenye mikoko wanakula na kukua kwa miezi mitatu hivi. Masika ikishusha mafuriko, chumvi ya maji inapungua, wanatoka kwa makundi kurudi baharini wakakomae na kutaga. Maisha yote ni mwaka na ushei.

Ukishaelewa hivyo utaona mto una kazi mbili. Unapeleka tope na rutuba inayoilisha mikoko, na unawapigia kengele ya kutoka. Kengele isipolia, wanakaa ndani na kuvuliwa wangali watoto. Ikilia mapema mno, wanasukumwa nje hawajawa tayari. Kwa hiyo wingi wa maji pekee hautoshi, lazima uulize yamekuja lini.

Ila Mama, kamba kuwa wadogo si lazima wawe wachache. Ukienda deltani mwanzoni mwa mwaka, hata mwaka uwe mzuri vipi, utakuta vidogo tele. Meli za kamba enzi zake zilikuwa zinapumzishwa Desemba hadi Februari kwa sababu hiyo hiyo. Wewe unalinganisha mwezi gani na mwezi gani?

#9 Mama Kibua

Nalinganisha sherehe na sherehe, Desemba kwa Desemba na Pasaka kwa Pasaka. Daftari sina, kichwa ninacho.

#10 Hakimu wa Kijiweni

Kichwa cha mfanyabiashara kinakumbuka boksi zuri la zamani na boksi baya la jana. Yale ya katikati yote yamefutika. Hoja imekataliwa.

#11 MtuWaDelta

Nimesoma wote nacheka. Watu wa mlenda mnabishana habari za kwetu 😄

Nasema kama mzaliwa wa upande wa kaskazini wa delta. Kamba tunavua bamvua, maji yakiwa na nguvu. Maji mafu tunakaa kushona nyavu. Akina mama wanakwenda kutanda, yaani kukokota kitambaa au wavu mdogo ukingoni, wengine na vyandarua vya mbu, na humo anaingia kila kitu: kamba mchanga, chaa mchanga, mkizi mchanga. Halafu timba, ule wavu wa uzi mmoja kama wa kuvulia mshipi, umekatazwa kwenye kanuni lakini ndio rahisi, na samaki hauoni. Hiyo Mama Kibua asiirukie. Mto unaweza kuleta neema yote, ikakutana na macho ya wavu yasiyopitisha hata dagaa.

Na kitu cha pili hakijasemwa. Mafuriko ya 1978 yaliuhamishia mto kwetu kaskazini. Maji matamu yakazidi upande wetu, watu wakaona mpunga unakubali, mikoko ikaanza kukatwa. Kusini kukabaki na chumvi. Hayo yote yametokea kabla hata ya mkandarasi wa bwawa kufika. Sasa mikoko ikiondoka, hicho kitoto cha @Fundi Ubao kinalala wapi?

#12 Ntyuka Juu

@MtuWaDelta samahani kwa swali la bara: mpunga unaota kwenye maji ya chumvi?

#13 MtuWaDelta

Hauoti. Unategemea mafuriko yaisukume chumvi. Mwaka mto ukiwa dhaifu, chumvi inapanda na shamba linaungua. Ndiyo maana kuna wakulima kwetu wanalisifia hilo bwawa: likiachia maji sawasawa kiangazi, chumvi inakaa mbali. Wavuvi wananuna, wakulima wanapiga makofi, na wakati mwingine ni mtu yule yule mmoja, asubuhi mvuvi, jioni mkulima.

#14 Chem Chem

Hapo ndipo ugumu ulipo. Bwawa la umeme linapunguza kilele cha masika na kuongeza maji ya kiangazi. Mpunga unaweza kufurahi, kamba akakosa kengele. Na tope linalobaki nyuma ya ukuta halirudi tena, hata ukiachia maji kiasi gani.

#15 Mzee wa Kizota

Nakumbuka miaka ya nyuma meli za kukokota ndizo zilikuwa zinalaumiwa. Zilivua kamba na kutupa samaki wengine lukuki. Zikasimamishwa 2008. Tukaambiwa sasa mtaona kamba. Mbona hatujaona?

#16 Fundi Ubao

@Mzee wa Kizota swali zuri, na majibu yapo zaidi ya moja.

La kwanza, meli zilikuwa zinavua nje, wakubwa. Zikiondoka, wazazi wanabaki wengi na vichanga vinaingia vingi, lakini ndani nako mitumbwi imeongezeka. La pili, kamba anaishi mwaka mmoja, kwa hiyo idadi yake inapanda na kushuka kwa hali ya mwaka husika kuliko kwa mambo ya miaka mitano nyuma. Changu au chewa ukimpumzisha utaona faida polepole kwa miaka. Kamba huwezi kumweka akiba, usipomvua mwaka huu anakufa mwenyewe.

La tatu, meli zilikuwa zinaandika walichovua, saa ngapi, wapi. Zilipoondoka na takwimu zile ziliondoka. Wakusanya takwimu wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) wanajitahidi kwenye mialo, ila delta ina vijito visivyohesabika na kamba wengine wanauzwa majini kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

#17 Kinyasungwe

Mnaongelea Rufiji tu wakati mjini Dodoma tuna delta yetu nyingine.

Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957 kwenye Kinyasungwe Mdogo. Maji yakizidi pale yanateremka Kinyasungwe, yanapita Gulwe na Godegode yakisindikizana na reli ya zamani (na kuisomba kila masika ikichachamaa), yanaingia Mkondoa, yanakuwa Wami, yanapita mashamba ya mpunga Dakawa na miwa ya Mtibwa, yanamwagika baharini Saadani. Kamba wa Saadani na Bagamoyo wana deni la mvua na sisi. Kule magharibi Kizigo nao unapeleka maji Mtera, kwa hiyo Rufiji pia tumo. Mkoa mmoja mkavu, midomo miwili ya bahari.

#18 Mlenda Mkavu

Kumbe nikioga Area C nalisha kamba 😂😂

#19 Chilonwa Boy

Na udongo wetu je? Kondoa ilivyomomonyoka mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 na kuondoa mifugo, udongo ule wote si ulikwenda kunenepesha kamba wa Saadani?

#20 Kinyasungwe

Hapana mkuu. Kondoa ni maji ya mto Bubu, na Bubu unaishia mbuga ya Bahi. Hautoki. Udongo wa Kondoa umenenepesha kambale wa Bahi, hakuna kamba aliyeuonja. Unaokwenda Saadani ni wa upande wa Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, na sehemu yake imekwama Hombolo. Waulize wavuvi wa pale kina kimebaki kiasi gani.

#21 Chilonwa Boy

Nimeelewa. Kwa hiyo kambale wa Bahi tunamla na udongo wa babu zetu, ndiyo maana mtamu.

#22 Mvuvi wa Hombolo

Mimi ni wa hapo hapo Hombolo, na kina ni kweli kimepungua. Lakini nina swali ambalo naona mnalipita pembeni. Mtu anasema samaki wamepungua, mwingine anasema hawajapungua. Nani amewahesabu? Anaingia majini na karatasi?

#23 Fundi Ubao

Kwa bwawa kama lako inawezekana bila kuingia majini. Unavua perege, tuseme 200, unakata ncha ndogo ya pezi, unawarudisha wazima. Unasubiri wachanganyike. Unavua tena, tuseme 150, ukikuta 10 wana alama maana yake mmoja kati ya kila 15 ana alama. Uliwawekea alama 200, zidisha kwa 15: bwawani kuna kama 3,000. Ni makadirio, na yanaharibika kama wenye alama wamekufa zaidi, au kama jirani yako amewala bila kukuambia.

#24 Mvuvi wa Hombolo

Hilo la jirani ni uhakika asilimia mia.

#25 MtuWaDelta

@Fundi Ubao hiyo hesabu ipige Hombolo, kwetu itakuaibisha. Mlango wa mto haufungwi. Leo umemkata pezi kwenye mdomo wetu wa Simba Uranga, usiku bamvua imembeba, kesho yupo nje anaelekea Mafia. Ukija kuvua tena humkuti, utasema delta ina samaki milioni mia.

#26 Fundi Ubao

Sahihi kabisa, ndiyo maana sikuipeleka delta. Na kamba ana shida ya ziada: anajivua gamba. Samaki ana vijiwe kichwani vyenye mistari, ukikisaga kimoja na kukiweka chini ya hadubini unasoma umri, hata kwa siku akiwa mchanga. Kamba hana kumbukumbu hiyo. Kila akijivua anaanza ukurasa mpya.

Kwa hiyo tunapima urefu, wengi sana, kila mwezi, mahali pale pale, kwa wavu ule ule. Unaona kundi la watoto mwezi huu, mwezi ujao kundi lile lile limesogea mbele, unajua wanakua kwa kasi gani na wanapotea kwa kasi gani. Pamoja na hilo unaandika kilo ngapi kwa mtumbwi kwa siku. Hapo nako kuna mtego: mvuvi akinunua mashine na kwenda mbali zaidi, kilo zake hazipungui hata kama samaki wanapungua. Karatasi inasema salama, mto unasema vingine.

Mama Kibua, unaweza kuanza na boksi lako. Mlaze kamba ubavu kwenye ubao. Pima gamba la kichwa kuanzia nyuma ya tundu la jicho mpaka ukingo wa nyuma, katikati ya mgongo. Ule mwiba wa mbele uache, barafuni unavunjika. Kisha mwinue kwenye mwanga. Jike aliyekomaa utaona mstari wa kijani kilichokolea unapita mgongoni chini ya gamba, hayo ni mayai. Kamba wa ndani ya delta karibu wote hawana. Ukiuona mstari huo, huyo kavuliwa nje baharini.

#27 Mama Kibua

Asante. Kesho boksi linaingia, nitaangalia.

#28 Sukari ya Embe

Jamani mnaenda mbali. Msumbiji walishapita njia hii. Bwawa la Cahora Bassa lilizuia Zambezi tangu 1974, na kamba wao wanavuliwa Benki ya Sofala, eneo la bahari yenye kina kifupi mbele ya mdomo wa mto. Mwaka 1992 mtafiti wa Norway, Gammelsrød, alionyesha kwamba mavuno ya kamba pale yanafuata wingi wa maji ya Zambezi. Hoja ikawa: waachie maji kwa mpangilio msimu wa mvua, kamba wataongezeka, na umeme hautapungua sana. Sasa sisi tunasubiri nini?

#29 Hakimu wa Kijiweni

Tunasubiri uje uwaeleze watu wa Dodoma kwamba leo jioni kuna giza kwa sababu kamba wanatoka delta. Megawati 2,115 zile hazikujengwa kwa ajili ya pilau la Mama Kibua.

#30 Sukari ya Embe

@Hakimu wa Kijiweni hakuna aliyesema bwawa libomolewe. Masika maji yanakuwa mengi mpaka yanafunguliwa yenyewe. Suala ni kuyafungua kwa tarehe inayomfaa mvuvi badala ya kungoja yafurike.

#31 MtuWaDelta

Na mkifungua mtupe taarifa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti watu walikuwa juu ya mapaa. Mpaka leo ukikaa kijiweni kwetu, nusu wanasema ni bwawa, nusu wanasema mvua za El Niño zilikuwa kubwa kuliko bwawa na lingekuwa halipo ingekuwa mbaya zaidi. Hawajakubaliana, na wote waliloana.

#32 Chem Chem

Hilo ndilo linalonifanya nisite kutoa hukumu. Angalia hicho kipindi anachokisema Mama Kibua. Bwawa linajazwa kuanzia mwisho wa 2022. Mvua za El Niño 2023 kuingia 2024. Mafuriko makubwa Aprili. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kinapiga upande wa Mafia na Kilwa. Ndani ya miezi michache kamba walipewa kiangazi cha bwawa, mafuriko na kimbunga. Hata ungekuwa na takwimu safi za kila wiki, kumtenganisha mkosaji ni kazi. Utahitaji miaka kadhaa ya mvua za kawaida, na mvua za kawaida zenyewe sizioni.

#33 Ntyuka Juu

Turudi kwenye swali la kufunga. Tanganyika ilifungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, nchi nne kwa pamoja. Iliwezekana ziwa zima, itashindikana delta?

#34 MtuWaDelta

Itafungwa na nani na nani atakula nini? Mwenye boti la mashine atahamia bahari kuu kuvua nguru na jodari, hana hasara. Atakayefungiwa ni mama wa kutanda, ambaye samaki wake wa jioni yupo hatua chache kutoka mlangoni. Na mkifunga Mei mpaka Agosti kwetu, kamba wa msimu watakuwa wameshatoka, mtakuwa mnalinda maji matupu.

#35 Ntyuka Juu

Basi fungeni Desemba mpaka Februari kama ilivyokuwa kwa meli.

#36 MtuWaDelta

Hapo unaanza kuongea. Lakini uje na unga.

#37 Fundi Ubao

Kuna njia ya katikati. Mafia na Songosongo wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache kwa ajili ya pweza, kijiji chenyewe kinaamua, kisha kinafungua kwa pamoja. Pweza anakua haraka kwa hiyo watu wanaona faida kwa macho msimu huo huo, na ndiyo maana wanakubali. Delta ingeweza kufunga baadhi ya vijito tu, vile vyenye vichanga vingi, na kuacha vingine wazi. Mimi binafsi naamini hili kuliko kufunga kote. Kufunga kote kwa amri ya kutoka Mtumba, bila BMU kuridhia, kutazaa doria ya mchana na uvuvi wa usiku.

#38 Mzee wa Kizota

Pweza anakaa shimoni, ila kamba wa kijito kinacholindwa na kijiji hiki wanavuliwa na kijiji kile. Nani atalinda mtoto wa jirani?

#39 Fundi Ubao

Mzee hapo umenibana. Ndiyo maana vijiji inabidi viungane kwenye mpango mmoja, na kuna maeneo ya pwani BMU kadhaa zimeungana hivyo. Kuungana kwenye karatasi kupo. Siku ya mgawo wa mafuta ya boti la doria ndipo ndugu wanapojulikana.

#40 Pilipili Kichaa

Nimeingia nimechelewa, naomba kuuliza nje ya mada: kaa wakubwa wa mikoko wanapatikana Dodoma? Wale wenye gando kubwa.

#41 Dereva wa Baridi

Wanakuja wachache, wakiwa hai wamefungwa magando. Wengi wanachukuliwa kwenda China wakiwa hai, bei yake utakaa chini. Ukiletewa amekufa usinunue.

#42 MtuWaDelta

Na jike mwenye mayai akitoka kwenda baharini kutaga, mwacheni apite. Kwetu mzee akimkuta anamrudisha, vijana wanampeleka mzani.

#43 Mama Kibua

Wakuu nimerudi. Boksi limeingia asubuhi. Nimeinua mmoja mmoja kwenye balbu mpaka wateja wakaniuliza natafuta nini. Mstari wa kijani sijauona hata mmoja. Niliowapima kwa rula ya mwanangu ni watoto watupu.

Kwa hiyo @Fundi Ubao wanavuliwa ndani kabla ya kutoka. Kengele haijalia. Ni bwawa, si nilisema?

#44 MtuWaDelta

Ni timba na vyandarua. Kengele ilie isilie, wavu ulishatangulia.

#45 Dereva wa Baridi

Ni uchambuzi. Wenye mstari wa kijani ndio wale wakubwa walioshuka Dar. Wewe umepimishwa waliobaki.

#46 Fundi Ubao

Boksi hilo linakubaliana na ninyi wote watatu, ndiyo ubaya wake. Mama, muulize anayekuletea walivuliwa kijito gani, kwa wavu gani, na kama alichagua. Halafu rudia kila mwezi, boksi zima, usichague wewe pia.

#47 Mama Kibua

Nimempigia. Kasema kijito ni siri ya biashara, wavu ni halali, na nikiendelea na maswali nitafute mtu mwingine.

#48 Hakimu wa Kijiweni

Shahidi muhimu amekataa kufika mahakamani. Kesi inaahirishwa.

#49 Mvuvi wa Hombolo

Mama, ukikosana naye huku kuna perege. Wadogo kidogo lakini kijito hakina siri, ni kimoja.

#50 Pilipili Kichaa

Na wale kamba watoto uliowapima unawauza bei gani? Nina wageni Jumapili.